Umeme wa Mishipa ya Fahamu: Historia ya Uchunguzi wa Miaka Mia Mbili

Katika mwili wa mwanadamu hakuna jambo litendekalo upesi, liwe ni kuuondoa mkono katika jiko la moto au kugeuza shingo kwa mtu aliyesikia jina lake likiitwa, pasipo habari kusafirishwa na mishipa ya fahamu. Na habari hiyo, kama wajuavyo leo hata wanafunzi wa shule za sekondari, husafiri kwa umeme. Walakini umeme huo si wa jinsi moja na ule upitao katika nyaya za shaba. Hautoki katika mtambo ulio mbali ukasukumwa njiani mpaka uishiwe nguvu. Seli ya neva huuzalisha yenyewe, mahali pale pale unapopita, kwa kufungua na kufunga vilango vilivyomo katika utando wake, vikaziruhusu ioni, yaani chembe za chumvi zilizobeba chaji, kuingia na kutoka.

Kulijua jambo hili kuliwachukua maulamaa zaidi ya miaka 200, na katika muda wote huo njia ilifunguliwa kila mara na mambo mawili yaliyokutana: chombo cha kupimia kilicho makini kuliko vilivyotangulia, na mnyama ambaye maumbile yake yaliifaa kazi. Hoja ambazo wenye ilimu walibishania kwa miaka mingi zilikatwa na chura, ngisi na kaa waliowekwa mezani mbele ya mtu mwenye subira.

Kabla ya 1780: pumzi iendayo mishipani

Kwa zaidi ya miaka 1,500 matabibu walimfuata Galen, Myunani wa karne ya 2, aliyefundisha ya kuwa ubongo hupeleka katika mishipa ya fahamu pumzi laini isiyoonekana kwa macho. Ibn Sina aliyapokea mafundisho hayo akayapanga katika Kanuni yake, na kwa njia ya kitabu hicho yakadumu katika madrasa za Mashariki na katika vyuo vya Ulaya vilevile. Wafuasi wa rai hiyo katika karne ya 17 walishikilia kwamba msuli hujikunja kwa kuwa pumzi hiyo huujaza ukafura. Ndipo katika miaka ya 1660 Mholanzi Jan Swammerdam alipoufungia msuli wa chura ndani ya chombo cha kioo chenye tone la maji katika shingo yake nyembamba, akauchokoza mshipa wake, akaona msuli umejikunja na tone halikupanda hata kidogo. Kama kungekuwa na kitu kilichoingia msulini, maji yangalisukumwa juu. Basi hakikuingia kitu.

Pumzi ikaondoka, na mahali pake pakabaki wazi kwa zaidi ya miaka mia. Katika mwaka wa 1772 Mwingereza John Walsh alikwenda La Rochelle, kwenye pwani ya Ufaransa, akathibitisha kwamba mshtuko autoao yule taa wa baharini afahamikaye kwa kutia ganzi mikono ya wavuvi ni umeme hasa. Tangu hapo ilikuwa dhahiri kwamba kiumbe hai chaweza kuzalisha umeme; swali lililobaki ni kama viumbe vyote hufanya hivyo.

Bologna na Pavia, 1780–1800

Luigi Galvani, mwalimu wa anatomia katika mji wa Bologna, Italia, aliingia katika suala hili mapema katika miaka ya 1780. Siku moja msaidizi wake aliugusa kwa ncha ya kisu mshipa wa chura aliyechunwa, wakati ule ule cheche iliporuka kutoka katika mashine ya umeme iliyokuwa mezani bila kuunganishwa na chura yule, na miguu ikaruka kwa nguvu. Galvani hakulipuuza jambo hilo, bali alilirudia kwa kila namna, na mwaka 1786 akaona miguu ya vyura waliotundikwa kwa kulabu za shaba nyeupe ikirukaruka kila kulabu zilipogusana na chuma, ijapokuwa hapakuwa na mashine wala radi karibu. Alipochapisha kitabu chake mwaka 1791 alitoa hukumu kwamba umeme umo ndani ya mnyama mwenyewe, na kwamba chuma kiliupatia njia tu.

Alessandro Volta wa Pavia alimsifu kwanza, kisha akampinga. Yeye aliona kwamba kulikuwa na metali mbili za namna mbalimbali zilizogusana kwenye unyevu, na kwamba umeme ulitoka kwazo, chura akiwa ni kipimo tu cha kuuonyesha. Galvani akajibu kwa tajriba zilizokuwa bora kuliko zote alizozifanya, kwa kuwa mwaka 1794, na tena mwaka 1797, aliufanya msuli ujikunje kwa kugusisha mshipa na nyama tupu, pasipo kipande chochote cha metali. Lakini mwaka 1798, akiwa amevuliwa cheo kwa kukataa kuapa kiapo cha utii kwa serikali mpya iliyoletwa na majeshi ya Ufaransa, alifariki. Na mwaka 1800 Volta akautangazia ulimwengu betri yake ya visahani vya metali mbili vilivyotenganishwa kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi.

Betri ilikuwa ushahidi ulioonekana na kila mtu, na kwa muda wa miaka thelathini hivi umeme wa wanyama ulipoteza heshima katika vyuo. Walakini betri hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kumtetea Galvani. Kwa kuwa ilitoa mkondo wa kudumu, Mdenmark Hans Christian Ørsted aliweza mwaka 1820 kuona kwamba mkondo huigeuza sindano ya dira, na kutokana na uvumbuzi huo kikatengenezwa galvanometa, chombo cha kupimia mikondo midogo. Leopoldo Nobili alipokigusisha na chura alipata mkondo, na Carlo Matteucci akaonyesha kuwa umetoka katika msuli wenyewe.

Berlin na Königsberg, 1841–1850

Mwaka 1841 Johannes Müller, mkuu wa wanafiziolojia wa Berlin, alimkabidhi mwanafunzi wake Emil du Bois-Reymond maandishi ya Matteucci ili ayachunguze. Kijana huyo aliona kwamba mkondo wa neva ni mdogo mno kwa vyombo vilivyokuwapo, naye akajitengenezea galvanometa ambayo waya wake ulizungushwa zaidi ya mara 24,000, kazi ya mikono iliyotaka uvumilivu mkubwa. Kwa chombo hicho aliona jambo lililokuwa kinyume na matazamio ya wengi: neva iliyotulia ilikuwa na mkondo wake kati ya upande wa nje na mahali ilipokatwa, na neva ilipochokozwa mkondo huo, badala ya kuongezeka, ulipungua. Katika kitabu chake cha mwaka 1848 aliuita upungufu huo dalili ya habari yenyewe ikipita. Tangu siku hizo umeme ulikuwa ndio kazi ya neva, si kitu cha pembeni.

Mwenzake Hermann von Helmholtz aliuliza swali lililoonekana halina jibu, yaani habari huenda kwa mwendo gani. Müller mwenyewe alikuwa na mashaka kama mwendo huo ungeweza kupimwa. Huko Königsberg, Helmholtz aliuchokoza mshipa wa chura karibu na msuli, kisha mbali nao, akapima tofauti ya wakati uliopita kabla ya msuli kujikunja. Na mwaka 1850 akatangaza mwendo wa takriban mita 27 kwa sekunde. Ni mwendo upitwao na upepo wa kimbunga, na umeme wa kwenye waya hauwezi kulinganishwa nao. Kwa hiyo kilichokuwa kikipita katika neva hakikuwa mkondo wa kawaida, na ilibidi kitafutiwe maelezo yake.

Utando, 1868–1902

Mwanafunzi wa watu hawa wawili, Julius Bernstein, alitengeneza gurudumu lililozunguka upesi, lililoichokoza neva kwa pini moja na, baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kuiunganisha na galvanometa kwa pini nyingine. Kwa kuubadilisha muda ulio kati ya pini hizo mbili, aliuchora mwaka 1868 mpigo wa umeme wa neva hatua kwa hatua, jinsi unavyoinuka na kushuka, akaona mwendo wake ni ule ule uliopimwa na Helmholtz. Mpigo na habari vilikuwa kitu kimoja.

Bernstein alibaki na swali la sababu, naye aliingoja kemia ikomae. Katika mwaka wa 1888 na uliofuata, Walther Nernst alionyesha jinsi volteji inavyoweza kupatikana pale miyeyusho miwili ya chumvi, mmoja mzito na mmoja mwepesi, inapokutana. Ilijulikana kwamba ndani ya seli mna potasiamu nyingi na nje yake mna sodiamu nyingi. Basi mwaka 1902 Bernstein aliunganisha mambo haya katika nadharia moja: utando wa seli iliyotulia huipitisha potasiamu peke yake, potasiamu, ikielekea kutoka palipo na wingi kwenda palipo na uchache, hutoka na chaji yake chanya, na ndani hubaki pakiwa hasi, na mchokozo ukifika, utando huachia ioni zote zipite kwa muda mfupi, hata volteji ikaanguka hadi sifuri.

Mwaka ule ule Ernest Overton, akiwa Würzburg, aliitia misuli ya chura katika maji ya sukari yasiyokuwa na sodiamu, akaona haisisimki tena, na aliporudisha sodiamu ikapata uwezo wake. Alidokeza kwamba huenda sodiamu huingia na potasiamu hutoka wakati wa msisimko. Ukweli ulikuwa umekwisha kutamkwa. Lakini hapakuwa na chombo cha kuuthibitisha, nayo maneno ya Overton yalikaa karibu nusu karne pasipo mtu wa kuyainua.

Cambridge: ishara isiyo kubwa wala ndogo

Wakati huo Keith Lucas wa Cambridge alikuwa akichunguza kama uzi mmoja wa msuli au wa neva huweza kuitikia nusunusu, naye akaona ama huitikia kwa nguvu zake zote ama hauitikii kabisa. Lucas alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1916. Mwanafunzi wake Edgar Adrian aliirithi kazi hiyo, akatumia vali za redio kuukuza umeme wa neva maelfu ya mara. Na mwaka 1926, pamoja na Msweden Yngve Zotterman, alifanikiwa kuisikiliza neva moja tu ya hisia. Aliona kwamba uzito ukiongezwa juu ya msuli, mipigo haiongezeki ukubwa, ila hufuatana upesi zaidi. Mguso mwepesi na mguso mzito huifikia akili kwa ishara zilizo sawa, zenye hesabu tofauti. Mwaka 1932 Adrian alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Charles Sherrington. Hata hivyo hakuna aliyekuwa ameingia ndani ya uzi wa neva, kwa kuwa nyuzi za chura ni nyembamba mno.

Ngisi wa Plymouth, 1936–1939

Mlango wa kuingilia uliletwa na ngisi. Mwaka 1936 Mwingereza J. Z. Young alieleza kwamba nyuzi fulani zilizomo katika mwili wa ngisi, ambazo watu walidhani ni mishipa ya damu, ni neva zenye unene wa nusu milimita na zaidi, zitumikazo kuukunja mwili kwa ghafula mnyama anapokimbia hatari kwa kurusha maji. Huko Woods Hole, Marekani, Kenneth Cole na Howard Curtis waliitumia neva hiyo, wakaonyesha mwaka 1939 kwamba wakati wa mpigo upinzani wa utando dhidi ya umeme hupungua mara 40 hivi. Kwa jambo hili Bernstein alionekana amesema kweli.

Alan Hodgkin, mwalimu kijana wa Cambridge aliyekuwa ameizuru Woods Hole, alikwenda majira ya kiangazi ya 1939 kwenye maabara ya bahari ya Plymouth, na akamwita mwanafunzi wake Andrew Huxley, aliyekuwa na umri wa miaka 21. Huxley alianza kwa kuitundika neva wima, akadondosha tone la zebaki ndani yake ili aone laanguka kwa kasi gani, maana walitaka kujua uzito wa ute wa ndani. Zebaki haikushuka, ute ulikuwa umeganda kama jeli. Lakini madhali neva ilikuwa tayari imesimamishwa wima, waliona wanaweza kuteremsha ndani yake elektrodi ya kioo yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Tabu ilikuwa ncha kuugusa utando na kuuharibu, na Huxley akaiondoa kwa kuweka vioo vya kujitazamia vilivyomwonyesha neva kwa upande mmoja na upande mwingine kwa wakati mmoja, hata akaiongoza ncha katikati barabara.

Waliyoyaona yaliivunja nusu ya nadharia ya Bernstein. Neva iliyotulia ilikuwa hasi ndani, sawasawa na alivyosema. Lakini mpigo ulipopita, volteji haikukomea sifuri. Iliivuka, na kwa muda mfupi kuliko elfu moja ya sekunde upande wa ndani ukawa chanya kwa takriban milivolti 40. Utando uliotobolewa ovyo usingeweza kufanya hivyo. Wiki chache baadaye vita vilianza. Wawili hawa walichapisha barua fupi isiyokuwa na maelezo ya sababu, wakaitwa kazini, Hodgkin kwenye rada za ndege na Huxley kwenye hesabu za mizinga. Na mwaka 1941 mabomu yaliyoangushwa Plymouth yaliiharibu maabara yenyewe.

Miaka ya sodiamu, 1947–1952

Baada ya vita Hodgkin alirudi Plymouth mwaka 1947 akiwa na Bernard Katz, mzaliwa wa Leipzig aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1935. Walipunguza sodiamu katika maji ya bahari yaliyoizunguka neva, na kadiri walivyoipunguza ndivyo kilele cha mpigo kilivyoshuka. Rai ya Overton ikapata burhani yake. Katika ngisi sodiamu ya nje huzidi ya ndani karibu mara tisa, na potasiamu ya ndani huzidi ya nje karibu mara ishirini. Basi anayefungua njia ya sodiamu huigeuza volteji ielekee chanya, na anayefungua njia ya potasiamu huirudisha kwenye hasi.

Ilibaki kujua njia hizo hufunguka lini na kwa kiasi gani, na hapo palikuwa na ugumu mkubwa, kwa maana volteji huzifungua njia, na njia zikifunguka huibadili volteji. Cole na George Marmont walikuwa wamebuni mwaka 1947 mzunguko wa kielektroniki uwezao kuishikilia volteji ya utando mahali pamoja, ili mkondo tu upimwe. Hodgkin, Huxley na Katz wakautengeneza upya kwa namna yao, na tajriba kuu za kiangazi cha 1949 zilimalizika kwa mwezi mmoja hivi. Ilionekana kwamba utando ukipoteza sehemu ya uhasi wake njia za sodiamu hufunguka upesi, na kuingia kwa sodiamu huupoteza uhasi zaidi, ndiyo sababu mpigo hauwezi kuwa nusu. Kisha njia hizo hujifunga zenyewe, na zile za potasiamu, zilizo nzito kuamka, hufunguka na kurudisha hali ya kwanza. Mkondo uliozaliwa hapo huichokoza sehemu ya mbele iliyo jirani, na mpigo huzaliwa upya huko. Ndiyo maana Helmholtz alikuta mwendo wa pole, na ndiyo maana habari itokayo kidoleni haififii kabla ya kufika.

Waliyaweka haya yote katika milinganyo ya hesabu, na Huxley alitaka kuona kama milinganyo hiyo itazaa mpigo pasipo kuambiwa mpigo ukoje. Kompyuta ya Cambridge ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, akatumia mashine ya hesabu ya Brunsviga, izungushwayo kwa mkono, na mpigo mmoja usafirio ulimchukua karibu wiki tatu. Hesabu ilitoa mwendo wa mita 18.8 kwa sekunde. Neva ya ngisi ilikuwa imepimwa ikaonyesha mita 21.2. Makala tano zilizochapishwa mwaka 1952 zimebaki hadi leo kuwa msingi wa fani nzima, na Hodgkin na Huxley walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963 pamoja na John Eccles.

Pampu na vilango, 1957–1998

Hodgkin na Huxley walizijua njia kwa matendo yake pasipo kuziona, wala hawakueleza ni nini kinachodumisha tofauti ya chumvi. Jibu la swali hili la pili lilitoka Denmark mwaka 1957, ambapo Jens Skou, akitumia neva za miguu ya kaa, alipata protini iitoayo sodiamu tatu nje na kuziingiza potasiamu mbili kwa kila molekuli ya ATP, yaani kemikali ibebayo nishati ya seli, inayotumika. Kama vile jahazi livujalo linavyobaki juu ya maji kwa sababu baharia akumba kwa upo mchana na usiku, ndivyo seli inavyobaki na umeme wake kwa kazi isiyokoma ya pampu hii. Skou alitunukiwa Nobel mwaka 1997, miaka 40 baada ya kazi yake.

Kwamba njia za sodiamu na za potasiamu ni vitu viwili mbalimbali kulibainishwa na sumu ya bunju, samaki yule ambaye wavuvi wa pwani yetu humjua kuwa si wa kuliwa. Mwaka 1964 Toshio Narahashi na wenzake katika Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kwamba sumu hiyo huziba njia za sodiamu na kuziacha za potasiamu zikifanya kazi. Aliyemla bunju hulegea na kushindwa kuvuta pumzi kwa kuwa neva zake zimenyimwa mpigo. Mwaka 1976 Erwin Neher na Bert Sakmann, huko Göttingen, waliigusisha ncha ya kioo laini mno na utando wa msuli wa chura, wakapima mkondo wa kilango kimoja kikifunguka na kufungwa, mkondo wa sehemu chache tu za trilioni moja ya ampea. Kundi la Shosaku Numa huko Kyoto lilisoma mwaka 1984 muundo wa kilango cha sodiamu cha mkunga wa umeme, mnyororo wa amino asidi 1,820. Na mwaka 1998 Roderick MacKinnon wa New York alitoa picha ya kilango cha potasiamu cha bakteria, atomu kwa atomu, ikaonekana jinsi koo lake lilivyopimwa kuikumbatia potasiamu na kuikataa sodiamu ijapokuwa sodiamu ni ndogo zaidi.

Faida ya ilimu hii

Dawa ya ganzi itiwayo kabla ya kung'oa jino, na fenitoini wanayopewa wenye kifafa, zilianza kutumika kabla watu hawajajua zinafanyaje kazi. Leo twajua kwamba zote mbili huvizuia vilango vya sodiamu. Aina kadhaa za kifafa cha watoto zimefahamika kuwa zatokana na kasoro katika jeni ya kilango kimoja. Na mwaka 2025 Marekani iliidhinisha suzetrijini, dawa ya maumivu iliyokusudiwa kufunga kilango cha sodiamu cha neva za maumivu, pasipo kumtia mgonjwa katika hatari ya uraibu kama ile ya afyuni. Dawa hiyo isingeweza hata kufikiriwa na mtu asiyejua kwamba kuna vilango.

Katika safari hii ndefu Galvani alipatia kwamba umeme umo mwilini, na Volta alipatia kwamba metali mbili huzalisha umeme. Bernstein alipatia mintarafu ya utulivu akakosea mintarafu ya mpigo. Overton alipatia akangoja. Hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ilitupwa, kwa sababu kila mmoja aliacha nyuma yake kipimo ambacho mwingine aliweza kukirudia, na kosa lililopimwa ni rahisi kulisahihisha kuliko kweli iliyosemwa tu. Serikali na vyuo vinavyouliza faida ya kumlipa mtu achunguze neva ya ngisi havina budi kuzingatia kwamba Hodgkin na Huxley hawakuahidi dawa yoyote, na kwamba hata hivyo kila daktari wa neva wa leo hufanya kazi yake juu ya msingi walioujenga.